Kichwa cha Treni cha Marehemu Baba

Jumatatu, 1 Machi 2004
Balaa! Hamdani, muuza vyuma chakavu wa hapa Babati, amenunua kichwa cha treni cha dizeli kule Arusha. Ndicho alichoendesha marehemu baba miaka yote! Jumamosi kinakatwa vipande, kikayeyushwe kiwe nondo. Mama akisikia hatakula. Nimeapa: kitakuja Babati, kisimame katikati ya mji. Mkoa mpya, hauna hata kumbukumbu moja! Sabaha, mke wangu, ameendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 2 Machi
Nimekwenda ofisi za mkoa. Bwana mmoja mpole kanisikiliza mpaka mwisho. Wazo zuri, kasema, ila wao wenyewe bado hawana viti vya kutosha. Kutoka nje, nani huyo? Hamdani! Kacheka mpaka kashika ukuta. Eti ataniuzia honi. Hana haya!

Jumatano, 3 Machi
Akili ni mali. Nimepita dukani kwa Hamdani, nikamnong'oneza kwamba kile kichwa kina mashetani. Akauliza mashetani hao wana kilo ngapi. Nimerudi nyumbani na hasira zangu.

Alhamisi, 4 Machi
Nimepata! Jirani yangu Lemuta, mfugaji wa Simanjiro aliyehamia hapa mtaani kwetu Bagara, kanieleza kwamba mnyama mwenye chapa ya ukoo wao haguswi na mtu mwingine mpaka wazee wakae. Na walinzi wa uwanja wa vyuma kule Arusha, kilipo kichwa, ni vijana wa ukoo wake! Nimempa kopo la rangi na brashi, nikamwagiza akapige chapa upesi, Hamdani asifanye lolote. Kapanda basi la Arusha. Hamdani, kwisha habari yako!

Ijumaa, 5 Machi
Lemuta kapiga simu. Kazi imekwisha, chapa inaonekana hadi barabarani. Nikauliza kaiweka upande gani wa kichwa. Kashangaa. Kichwa? Kile kimelala tu, kitapotea wapi? Chapa huwekwa kwenye kinachoweza kuondoka. Kapaka lori la Hamdani! Lile lililotangulia na mafundi na mitungi ya gesi ya kukatia! Sasa vijana wamelizuia. Lori halitoki, mitungi haishuki. Jioni Hamdani kaja kwangu. Leo hakucheka.

Jumamosi, 6 Machi
Arusha. Nimesafiri na Hamdani kiti kimoja. Lemuta kaomba radhi, rangi itafutwa. Lakini wazee wakishakaa hawainuki bure. Wamekaa juu ya mataruma ya reli ya zamani, wakauliza ugomvi ni nini hasa. Nikaeleza jinsi baba alivyokuwa akipiga honi akikaribia stesheni ya Korogwe, tulikoishi, na mama nyumbani anabandika chai. Nimelia mbele za watu, wala sioni aibu. Mzee Sankok, mkubwa wao, kamgeukia Hamdani, akamwambia, "Wewe kijana una vichwa vingine hapa. Ng'ombe wa marehemu haliwi huku mjane anamtazama." Hamdani kainama. Kumbe baba yake aliuza machungwa stesheni ileile, na honi ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi! Kasema mwenyewe kwamba kichwa hakikatwi. Kitabaki palepale, na mama yangu aje atakapo. Mimi nimetozwa mbuzi, na kukwangua rangi kwenye lori. Nimekwangua huku naimba.

Jumapili, 7 Machi
Sabaha kamleta mama hapa Arusha kwa basi la kwanza. Hakutaka kushikwa mkono. Kapanda mwenyewe, kaketi kiti cha dereva, kafuta kioo kwa ncha ya khanga. Kacheka na kulia kwa pamoja. Hamdani kamwamkia shikamoo, kamletea soda. Moyo wangu ulijaa!
Halafu mama kauliza kinaondoka lini kuja Babati. Nikamwambia sikukuu ya Idi. Sabaha kanivuta pembeni, kauliza kama nimewahi kuona reli Babati. Nimemjibu mkoa bado mpya, vitu vinakuja kimoja kimoja. Kesho asubuhi naenda kijiji cha Mutuka, nje ya mji wetu, kuwaomba wakulima wasogeze mahindi yao kidogo, reli ipite.