Ombi la Kupandisha Bei ya Toleo la Pili Kabla Sofa Halijapinduliwa

Karakana ya Viti na Sofa,
Nyuma ya duka la rangi.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Bei za Magari Yaliyotumika.

Ndugu Mhariri,

Yahusu: Kudhulumiwa kwa gari langu jekundu la milango miwili

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kalamu yako, hasa kalamu yako, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni fundi wa viti. Nashona viti vya magari, nabadilisha sponji za sofa, na ukiniletea stuli iliyochanika naitibu siku hiyo hiyo. Ni msomaji wako wa miaka sita, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ndimi ninayemgongea muuza magazeti kabla hajafungua kibanda. Ukurasa wako nausoma nimesimama, kwa sababu nikikaa naogopa sitainuka.

Miaka sita iliyopita nilinunua gari la spoti lililotumika, Toleo la Pili. Mke wangu ni mkunga, mtu wa busara na viatu bapa, na yeye alitaka gari la milango minne lenye nafasi ya mkoba wake wa kazi, mama yake na gunia la viazi. Nikamwambia, kifua mbele, kwamba gari la spoti halishuki bei kama magari ya watu wengine. Hiyo ni akiba yenye magurudumu. Kaka yake, yaani shemeji yangu mpima ardhi, ambaye kwa unyoofu wake tunamwita Rula, akasema maneno ya mdomo hayana mpaka, tuandikishane. Karatasi haikuonekana. Siku hiyo nilikuwa nalitengeneza sofa letu la sebuleni, limelala miguu juu, basi tukaandika kwenye ubao wa chini yake kwa wino usiofutika: "Gari likishuka bei miaka sita mfululizo kwa mujibu wa jedwali la gazeti, litauzwa kwa bei ya jedwali." Tukatia sahihi sote watatu. Mke wangu akaongeza kwa mdomo kwamba yeye hatatia mguu ndani ya gari hilo mpaka lipande bei, na mwanamke huyo akisema, amesema.

Tangu hapo, kukitokea ubishi nyumbani, sofa linapinduliwa. Limepinduliwa mara tano, mara moja likiwa na mgeni. Gari nalo limeshuka bei miaka mitano. Jedwali la mwezi ujao ndilo la mwaka wa sita, na nimebakiwa na siku kumi na nane. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Kwamba jedwali lako linamtesa mtoto wa kati. Toleo la Kwanza, lile la taa zinazofumba na kufumbua, unalipandisha kila mwaka na kuliita "la kihistoria". Toleo la Tatu, lile pana lenye turbo, unasema "linashikilia bei". La Nne bado jipya, lina skrini, hatulisemi. Toleo la Pili peke yake, mwaka nenda mwaka rudi, mshale wake unatazama chini, na kwenye safu ya maelezo umeandika maneno matatu tu: "Taa zake hazikupendwa." Hazikupendwa na nani? Mimi nazipenda. Kila asubuhi nazifuta kwa kipande cha mahameli kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Nami ni mtoto wa kati, Ndugu Mhariri. Kaka yangu ni kifungua mimba, mdogo wangu ni kitinda mimba, na mimi niliyeingia katikati nilirithi suruali na kurithisha suruali. Ninachokisema nakijua.

2. Kwamba hilo Toleo la Kwanza unalolitukuza nimeliona mpaka utumbo. Daktari wa meno wa mtaa wa pili analo moja, la njano, na viti vyake nimevishona mara mbili. Linavuja. Mvua ikinyesha abiria analowa magoti na dereva analowa bega. Taa ya kushoto ikifumbua, ya kulia inaendelea kulala, na kupitia sakafu unaweza kuiona lami. Mwenyewe huja kukaa kwenye stuli yangu na kunisomea jedwali lako kwa sauti, nikiwa nimebana pini mdomoni nisiweze kumjibu, eti limepanda tena. Mwaka jana alitaka kulipeleka gereji likazibwe, kisha akaghairi, maana ameambiwa kuvuja ni sehemu ya uasilia wake. Nami nikaacha madirisha ya gari langu wazi siku mbili za mvua. Halikupanda bei. Lilinuka tu.

3. Kwamba unatoza kilomita. Chini ya jedwali umeandika kuwa kilomita nyingi hupunguza thamani. Nikaacha kuliendesha. Naenda karakana kwa miguu, nalipita limeegeshwa, nalipungia mkono. Baadaye nikatafakari zaidi: kama kuongeza kilomita kunashusha bei, basi kupunguza kilomita kutaipandisha, na hesabu haidanganyi. Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumapili, naliendesha kinyumenyume uani, kulizunguka tangi la maji. Nimepata maumivu ya shingo, nimeangusha kamba ya nguo mara mbili, na jirani yetu mstaafu hutoa kiti chake nje mapema ili apate nafasi nzuri ya kutazama. Kilomita hazikurudi hata moja. Zimeongezeka kumi na moja! Naomba ukurasa wako uwatangazie wananchi kwamba kurudi nyuma nako kunahesabiwa, ili baba mwingine asije akapoteza shingo yake.

4. Kwamba huna subira. Hoja hii niliiokota nyumbani kwangu mwenyewe. Mke wangu huwapima watoto wachanga, na siku zote huwatuliza akina mama: mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, msiogope, kisha hupanda. Siku niliposikia hivyo niliruka kitini. Gari nalo huzaliwa na uzito wake, hupungua, kisha hupanda! Hata Toleo la Kwanza lilishuka miaka kumi na miwili kabla halijainuka. Aliyeshika ukurasa huo kabla yako aliyaandika haya, nami nilikata kipande kile nikakihifadhi kwenye kopo la vifungo. Nikamweleza mke wangu kwa furaha kubwa. Akanitazama kama anavyowatazama waume wanaotaka kuzimia mlangoni mwa chumba cha kuzalia, akasema: "Mtoto hupungua siku tatu nne, baba watoto. Ungeniletea anayepungua miaka sita ningekufukuza kliniki." Sikumaliza chai yangu.

5. Kwamba jedwali lako limevuka mipaka ya magari. Kwetu limebandikwa kwenye mlango wa friji. Mwezi uliopita mke wangu, kwa kalamu ya kliniki, aliongeza mstari chini ya Toleo la Pili na kuandika: "Mume." Mwaka wa kutengenezwa, sawa, siubishii. Hali ya bodi: wastani, boneti imechomoza. Mlio: hasa alfajiri. Mmiliki wa awali: mama yake, alimdekeza. Safu ya mshale sikuitazama. Baba mkwe, mzee wa miaka themanini na mmoja, amewekwa pamoja na Toleo la Kwanza: jicho moja halifumbuki vizuri, na kila akikohoa thamani inapanda, watu wanapigana vikumbo kumletea mto. Rula, ambaye hajawahi kuchelewa popote tangu azaliwe, "anashikilia bei". Mzee namheshimu kwa dhati, na mto wenyewe nimeushona mimi.

6. Kwamba unadhani unapima, kumbe unaamuru. Zamani nilipokuwa bado naenda karakana kwa gari, kuna mteja alileta kochi lake, akaliona gari langu mlangoni. Akalizunguka, akalipapasa, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Kisha akatoa gazeti lako kwapani, akasoma, akalikunja, na tabasamu likakunjwa humo humo. Gari lilikuwa lile lile! Basi ni dhahiri kwamba ukiandika linashuka, linashuka, na ukiandika linapanda, litapanda. Na kama ndivyo, kwa nini uishie kwa langu? Andika yote yanapanda! Teksi, malori, lile basi la shule lisilo na kioo cha nyuma, yote! Wananchi watatajirika wakiwa wameegesha. Wachumi watakuja kuusoma ukurasa wako wamesimama, kama mimi. Utapewa barabara yenye jina lako, na hata ikiwa na mashimo utaipandisha bei nayo.

Lakini mimi sina makuu. Nakuomba mshale mmoja tu, utazame juu mwezi mmoja tu. Dhamiri ikikusumbua, acha tarakimu moja iteleze. Makosa ya uchapaji ni ya kibinadamu, na mwaka juzi mliandika kwamba lori fulani lina milango kumi na minne, wala hakuna aliyeandamana. Kwa upande wangu niko tayari kukushonea kiti cha ofisini bila malipo. Hii si rushwa. Rushwa hupitishwa chini ya meza, na kiti hiki kitakaa nyuma ya meza, mbele ya macho ya kila mtu.

Nikilipoteza gari hili nitalia, na sioni haya kukuandikia hivyo. Iko kona moja kwenye barabara ya kwenda kliniki, baada ya mteremko, ambapo ukiingia kwa gia ya tatu na dirisha wazi, mwili wote unakuwa mwepesi. Mimi siku nzima napiga magoti mbele ya viti vilivyokaliwa na wengine. Pale kwenye kona, zamani nilipokuwa bado naliendesha mbele, nilikuwa nacheka peke yangu kwa sauti. Nilitaka siku moja mke wangu aione kona ile akiwa ameketi pembeni yangu. Sasa zimebaki siku kumi na nane.

Nisalimie wote hapo ofisini: anayechora mistari ya jedwali, anayechapa, anayefagia, na mlinzi wa mlangoni, ambaye mara tatu amenieleza kwa upole kwamba Mhariri hayupo huku nikikuona dirishani. Nyumbani wote wazima wanakusalimu, isipokuwa Rula, anayesema hasalimiani na mashahidi kabla ya hukumu.

Wako mtiifu, anayeshuka pamoja na gari lake,

Fundi wa viti.

Nyongeza: Ndugu Mhariri, bahasha nilikwisha kuibandika, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Tafadhali yaliyo juu usiyatilie maanani. Leo saa tisa alasiri kliniki ilimwita mke wangu kwa haraka, kuna mama wa mapacha, na hakuna teksi iliyopokea simu. Akautazama ufunguo ukutani, akanitazama mimi niliyekuwa na gundi mikono yote miwili, akauchukua. Mapacha wamezaliwa saa kumi, wazima, na mama yao mzima. Saa kumi na nusu alimkabidhi zamu mwenzake. Kliniki iko dakika kumi kutoka hapa, na mke wangu alifika nyumbani saa kumi na mbili. Kilemba kilikuwa mabegani. Ile kona ameipita mara nne, kwa hesabu yake mwenyewe. Alisema, "Kumbe!", akaingia sebuleni, akamwinua Rula, akalipindua sofa kwa mikono yake, akasoma ubao kwa sauti. Kisha akasema: "Litauzwa kwa bei ya jedwali. Nani atauziwa, haikuandikwa. Nanunua mimi." Rula alisoma mara mbili, akakubali kwamba mpaka umenyooka.

Kwa hiyo tunaomba, naye amesimama nyuma yangu ninapoandika, kwamba usipandishe bei. Shusha. Ukiweza shusha sana, na kile kiti chako nitakitilia sponji mara mbili. Ufunguo sasa uko mfukoni mwake. Mimi nimepewa kiti cha abiria, ambacho nilikishona miaka sita iliyopita kwa ajili yake, mshono maradufu, na ambacho hakuna aliyewahi kukikalia. Kabla ya chakula amenipitisha kwenye kona ile, gia ya tatu, madirisha wazi, tunacheka wawili. Kiti ni kizuri mno, ndugu yangu. Miaka yote hii kumbe nilikuwa najishonea.