Harusi Isiyokuwamo Kitabuni

Jumatatu, 4 Machi

Jarida la mchapishaji limefika. Kurasa nne, karatasi ya kijani, habari za waandishi wake wote na vitabu vyao. Mwalimu Mstaafu na ile riwaya yake ya upelelezi kapewa ukurasa wa kwanza, na picha, tai imemkaba. Binti yangu? Mistari mitatu, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la mwavuli uliosahauliwa ofisini. Binti yangu, aliyekuwa akinisomea gazeti hata meno ya utotoni hayajang'oka!

Kuna kubwa zaidi. Mwaka huu mchapishaji ataweza kuchapa tena riwaya moja tu, ya Mwalimu au ya binti yangu. Barua za wasomaji ndizo zitakazoamua. Binti kasema tuwaachie wasomaji wenyewe. Nikamwambia sawa, mwanangu. Nikaenda kununua bahasha.

Jumatano, 6 Machi

Barua nane tayari! Kalamu tatu tofauti, na mbili nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Mimi nesi, mimi mjane, mimi dereva wa treni. Huyo dereva nimempenda mwenyewe.

Kitabu nimefika ukurasa wa sitini na mbili. Nakala yangu iko kwenye kabati la vioo, ndani ya nailoni, ili kila anayekuja kupimwa sare aione. Siwezi kuifunuafunua na hii mikono ya chaki na mafuta ya cherehani. Lakini ukurasa huo mfamasia anaingia, anamtabasamulia yule dada, mhusika mkuu. Mimi si mtoto, najua mambo hayo yanaishia wapi. Barua zote nane zimeisifu harusi ya mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepitia ofisini kwa mchapishaji, pale ghorofani juu ya fundi viatu, eti kusalimia tu. Barua zangu zilikuwa mezani. Alikuwa anazisoma huku kajishika kichwa. Zimemgusa! Mkewe kaninong'oneza kwamba Mwalimu kapata mbili, na moja ni ya shemeji yake. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatatu, 11 Machi

Makubwa. Binti kaingia hata salamu hakuna. Kitabu chake kimeondolewa madukani kote. Wasomaji wanane wameisifu harusi ambayo hakuiandika! Kumbe yule dada anamkataa mfamasia na kupanda treni peke yake. Sasa mchapishaji anaamini kiwandani wamebandika kurasa za kitabu cha mtu mwingine. Ikiwa ndivyo, nakala zote zitasagwa, na Mwalimu ndiye atakayechapwa tena.

Binti kalia pale kwenye kiti cha wateja. Miaka minne ya kazi yake. Mimi macho kwenye cherehani. Nimeshona mkono wa shati mahali pa kola.

Nilimuuliza tu, kwa upole, kwa nini yule dada amkatae mtu mwenye kazi nzuri vile. Kachukua mkoba wake, kaondoka.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nilianza barua ya tisa: nesi anaomba radhi, alichanganya vitabu. Halafu nikawaza, na wale saba? Wote wachanganye wiki moja? Nimeichana.

Nikaenda ofisini. Vitabu vimepangwa hadi dirishani. Mchapishaji na mkewe wanapekua kimoja kimoja, vidole vimefungwa plasta. Na kati yao nani? Mwalimu Mstaafu, kaja kusaidia! Hilo ndilo lililonimaliza.

Nikasema, "Hiyo harusi ni yangu. Barua zote nane nimeandika mimi. Kitabu sijakimaliza."

Mchapishaji kakaa juu ya boksi. Mwalimu kavua miwani, kauliza kama hata yule dereva wa treni ni mimi. Nikasema ndimi. Kasikitika kweli. Alitaka amtafute amwulize maswali kwa ajili ya riwaya yake ijayo.

Jumatano, 13 Machi

Barua zangu zimefutwa. Binti kaja jioni, kaitoa ile nailoni mwenyewe.

"Mama, kisome. Mpaka mwisho. Halafu tutaongea."

Nimekisoma. Pale stesheni kuna mama aliyembebea binti yake begi, na treni ikiondoka hapungi mkono, maana mikono kaificha isionekane inatetemeka. Nilidhani siku ile alipoondoka nyumbani hakuniona. Nimelia mpaka sare za watu zimelowa. Nimempigia simu.

Jumamosi, 16 Machi

Sikilizeni jamani! Mwalimu kaandika barua. Anasema kapekua nakala mia mbili akitafuta kosa, na kila akifika pale stesheni anasimama kusoma tena. Cha kwake kisubiri, kichapwe cha huyu binti kwanza. Mchapishaji kakubali! Jarida lijalo, ukurasa wa kwanza!

Binti kaniapisha nisimwandikie tena barua ya uongo kuhusu vitabu vyake. Nimeapa, mkono kifuani.

Ila nimemfikiria Mwalimu. Muungwana yule, na barua zake mbili tu, hata aibu. Nimeanza na sita. Mmoja ni askari jela, mmoja daktari wa meno. Riwaya yake nimefika ukurasa wa tisa. Muuaji ni mpishi, anaonekana tu.