Punda Wangu Kaenda Vitani

Jumatatu, 13 Septemba 1948
Nimemuuza punda! Mchuuzi wa milimani kanilipa noti za Beihai, za wale jamaa wa upande wa pili, waasi wanaopigana na serikali. Hapa mjini serikali imezipiga marufuku, ndiyo maana kanipa rundo zima. Wakiuteka mji tu, nanunua punda wawili. Mke wangu Suying kauliza nani atazungusha jiwe la kusagia. Nikamwambia avumilie siku mbili tatu. Anasukuma mwenyewe.

Jumatano, 15
Balaa! Askari wanapekua nyumba hadi nyumba. Ukikutwa na noti ya Beihai, jela. Lakini jirani yangu Pan, mkamua mafuta, anasema askari hao hao wanazinunua kichinichini. Sasa nani anamkimbia nani? Sielewi kitu. Suying alikuwa akibandika matambara kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, atengeneze soli za viatu. Alipotoka kuchota maji nikazipachika noti katikati. Soli zilipokauka akazishona viatu, hana habari. Nani atapekua soli? Akili ni mali!

Ijumaa, 17
Askari wa serikali wametoroka alfajiri. Wale wengine wameingia. Noti za Beihai ndizo pesa! Nikakimbilia viatu. Havipo. Kina mama wamewakusanyia viatu wanajeshi walioingia, na Suying katoa vyote, tena kwa moyo mkunjufu. Nikalifuata jeshi barabarani nikikagua miguu. Nikamsihi askari mmoja anivulie. Sajini wao akanitazama weee.

"Ndugu, sisi tunakwenda vitani kwa miguu. Unataka twende na nini?"

Nimerudi, nimemkuta Suying bado anasukuma jiwe, viganja vimechubuka. Roho imeniuma, kweli nasema.

Jumapili, 19
Dawa imepatikana. Noti za serikali watu wanawashia majiko. Bei ya bure! Na serikali hii ilishakimbia mara mbili ikarudi. Ikirudi tena, mimi ndiye tajiri wa mtaa. Pan alikuwa nazo gunia zima. Aliponikabidhi alinishika mkono, machozi yanamtoka. Maskini, biashara haijui. Malipo yake kachukua jiwe letu la kusagia. Lilikuwa la baba yake Suying, lakini punda hayupo, la nini?

Suying yuko kisimani. Akirudi atafurahi mno. Hana tena cha kusukuma.