Mwezi Utapatwa Siku ya Mahari

Taarifa yenyewe ilichukua sekunde ishirini redioni, katikati ya matokeo ya mpira na tangazo la sabuni: leo usiku mwezi utapatwa, na nchi nzima itaona. Kijiwe kizima kiliipokea kama salamu za rambirambi za mtu tusiyemjua. Ni Admeri peke yake aliyeweka kikombe chini.

"Basi leo boti inaingia ziwani," akasema.

Getruda, mwenye birika la kahawa na kijiwe kwa ujumla, akaacha kumimina. "Na wageni wa Princess?"

"Dada yangu Ayoo atawapokea. Kazi ni kazi."

Admeri jina lake halisi ni Okwach. Ana boti moja ya dagaa na mashine inayokohoa kuliko babu yangu, ila akianza kuzungumza utadhani ameacha manowari tatu pale ufukweni Mwaloni. Princess ni binti yake pekee. Leo wakwe wanavuka kutoka Sengerema kuja kuzungumza mahari, na tarehe aliipanga mwenyewe kwa mdomo wake, hapa hapa Kirumba, nje ya kibanda cha fundi simu. Alichagua siku ya mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa boti za dagaa zinalala. Ziwa lote likiwa jeupe, dagaa hawaifuati taa ya mvuvi, wanatawanyika.

"Mbalamwezi hii utavua nini, baba?" akauliza Mpinga. Huyu ni Chenge wa bodaboda, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu tangu tumfahamu. "Utavua mwanga?"

"Hukusikia redio? Mwezi ukipatwa ni giza. Giza ni dagaa. Wenzangu wamelala, mimi niko peke yangu na ziwa."

"Nasa, toka huko ndani, umeitwa kazini," Mpinga akapaza sauti kuelekea kibandani.

Masele fundi simu akatoka na bisibisi mkononi. Tunamwita Nasa kwa sababu simu ya mteja haitoki kwake bila picha ya sayari. Miaka sita amesubiri mtu amuulize jambo la angani, na sasa alikuwa anachekelea kama mtu aliyeitiwa mshahara.

"Mwezi hauna taa yake," akaanza. "Ule mwanga ni wa jua, unagonga mwezi unarudi kwetu. Sasa leo dunia inakaa katikati, kivuli chake kinaangukia mwezi. Getruda, nipe yai. Mpinga, simama hapo, tutatumia kichwa chako kama dunia."

"Kwa nini changu?"

"Ni cha duara na asubuhi hii hakina kazi nyingine."

Mpinga akasimama juani. Nasa akalizungusha yai la kuchemsha nyuma ya kichwa chake mpaka likaingia kivulini.

"Kumbe ni kama diwani wetu," Getruda akasema. "Mwanga unatoka juu unakuja kwetu, yeye kasimama katikati, halafu tunaambiwa tutoke nje tushangilie kivuli."

"Mwezi una nafuu," nikasema mimi. "Kivuli cha diwani ni miaka mitano."

Mpinga alikuwa ameshakaa, ameudhika. "Nani kakwambia dunia ni duara? Mimi naendesha pikipiki kila siku, sijawahi kuona ikijipinda."

"Kivuli chake kwenye mwezi huwa ni cha duara, miaka yote."

"Hata sahani ina kivuli cha duara."

"Sahani ukiisimamisha ubavu, kivuli chake kinakuwa kama kijiti. Dunia igeuze utakavyo, kivuli ni duara tu. Kitu cha namna hiyo ni mpira."

Mpinga akaomba kahawa nyingine, na kwake hiyo ndiyo namna ya kukubali. Lakini hakukaa kimya. "Haya, mwezi mkubwa upo kila mwezi. Mbona haupatwi kila mwezi?"

"Njia yake imeinama kidogo. Mara nyingi unapita juu ya kivuli au chini yake. Siku ukinyoosha, ndiyo unaingia."

"Na Dodoma wataona?"

"Popote penye usiku wataona."

"Bila kibali?"

Tulicheka wote isipokuwa Admeri. Yeye alikuwa na swali moja tu, na lilikuwa la kibiashara. "Giza lenyewe linakaa muda gani?"

Nasa akafungua simu, na safari hii ilikuwa yake mwenyewe. "Kivuli kinaanza kuumega karibu saa moja na nusu jioni. Saa mbili na nusu umezama wote. Saa nne kasoro kidogo unaanza kutoka. Giza kamili linakaa saa moja na dakika kama ishirini. Na si giza la shimoni, mwezi unakuwa mwekundu. Hewa inayoizunguka dunia inapinda mwanga kidogo wa jua, ule mwekundu wa machweo, unapenya mpaka kule."

"Admeri," Getruda akasema, "kutoka hapa mpaka mnapovulia ni muda gani?"

"Saa moja na nusu. Tutaondoka mapema."

"Na taa mkishawasha, dagaa wanachukua muda gani kukusanyika?"

Kila mtu hapa anajua ni saa mbili au zaidi.

"Kwa hiyo dagaa wakianza kufika, mwezi nao unarudi," Mpinga akasema kwa furaha isiyofichika. "Umeunguza mafuta kwenda kuangalia yai la Nasa."

"Nitakwenda hivyo hivyo."

"Kufanya nini?"

"Nimesema nitakwenda."

Hapo nikatazama mbele yake. Mtu huyu amewahi kurudi na boti iliyojaa maji nusu, upepo unapuliza, akatuhadithia huku anakula kashata. Sasa kashata yake ilikuwa pale pale, haijaguswa.

"Okwach," Getruda akasema. Ni mara ya kwanza namsikia akimwita jina lake. "Unakimbia nini kwako?"

Admeri akasukuma kikombe pembeni. "Mama yake Princess alifariki mtoto ana miaka mitatu. Siku za giza niko ziwani, analala kwa Ayoo. Mbalamwezi niko nyumbani. Alikuwa hajui Jumatatu wala Jumanne, alikuwa anatoka nje anaangalia juu. Mwezi ukiwa mkubwa anawaambia watoto wenzake, leo baba yupo." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sasa nikae pale uani, mzee Shimba, baba mkwe wake, ananihesabia ng'ombe wa kumchukua. Nitalia mbele ya watu. Mimi najijua."

Mpinga akaomba kahawa nyingine. Mimi niliangalia barabarani. Nasa alilishika yai kama amekabidhiwa mtoto wa mtu.

Getruda hakuhangaika na huruma ya mtu yeyote. "Mnakaa uani?"

"Uani."

"Balbu zimeni, semeni mnaangalia mwezi. Nani atakushangaa, wakati kila mtu anaangalia juu?"

Admeri akamgeukia Nasa. "Ule wekundu unamulika uso?"

"Umbo la mtu linaonekana. Machozi, hapana."

Akatoa simu, akasimama, akajikohoza mpaka ile sauti yake ya manowari ikarudi.

"Mzee Shimba, shikamoo. Wazima huko? Sikiliza mzee wangu, pandeni kivuko cha mapema, mle, mpumzike. Suala la ng'ombe tutaligusa saa mbili na nusu kamili." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si mila ya kwetu. Ni mambo ya sayansi."