Kreti Mbili za Viazi Vitamu

Jumamosi, 3 Mei
Tumevuna. Viazi vyangu vinene kama visigino vya askari! Vya shemeji, kaka wa mke wangu, vya mbegu ya sokoni, kama vidole vya mgonjwa. Yeye alitia mboji iliyoiva miezi sita. Mimi, samadi ya kuku, mbichi, magunia manne. Mke wangu katoa hukumu: kreti mbili stooni, wiki nne, zisiguswe. Ambaye viazi vyake vitaoza atamwachia mwenzake tuta la nyuma ya nyumba. Shemeji anataka kupanda kabichi. Kabichi! Kwenye tuta la mbegu niliyokimbia nayo kutoka kwetu miaka thelathini na sita iliyopita, imeviringishwa kwenye shati lililoloweshwa. Shemeji alikimbia na saa ya ukutani. Haijatembea tangu siku hiyo.

Marando yote ya kupandia nimempa jirani alishe mbuzi. Mbegu ya msimu ujao itachipua ndani ya kreti yangu.

Jumatano, 14 Mei
Harufu stooni. Nimesema ni panya. Mke wangu kasema panya huyo kala mbolea ya kuku. Shemeji, kwa upole wa kuudhi, kaeleza kwamba samadi mbichi hunenepesha kiazi kwa maji, na maji hayana subira. Nimemwambia asinifundishe kilimo, mimi niliyemwoa dada yake. Hoja haikuwa nzito.

Jumamosi, 31 Mei
Ukaguzi kesho. Kreti yangu inatoa machozi. Shemeji kalala baada ya chakula cha mchana. Nimebadilisha vibandiko vya majina. Dakika mbili! Akili ni mali.

Jumapili, 1 Juni
Ushindi! Kreti yenye jina langu: viazi vikavu, vizima, vigumu kama mawe. Tuta ni langu. Shemeji hakubisha. Kabeba ile iliyooza, kaimwaga kwenye shimo la mboji, karudi kunipa mkono. Kasema hongera, nimelima vizuri.

Saa kumi jioni nimekumbuka mbegu ya kwetu.

Jumatatu, 2 Juni
Asubuhi nimeingia shimoni. Nimefukua hadi viwiko. Uji mtupu. Shemeji katokea na kikombe cha chai, kauliza natafuta nini kwenye kushindwa kwake. Nimesema minyoo. Katoa mfukoni kiazi kimoja, kizima, chenye vichipukizi viwili. Kasema alikitoa kabla ya kumwaga. Halafu kanikumbusha kwamba lile shati lilikuwa lake.

Nimesema kabichi huleta viwavi.

Jumanne, 3 Juni
Nimekipanda. Kidogo, kinyonge, peke yake kwenye tuta zima. Kinahitaji nguvu. Nimeagiza magunia sita ya samadi ya kuku. Mbichi.