Chupa za Buluu za Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Agosti 1938. Kisarawe.
Ujumbe kutoka Dutumi! Kauleta Kondo, muuza mikeka. Mke wangu Zena yuko huko kwao, mwezi wa tatu sasa, anamuuguza mama yake. Amesema harudi mpaka mama apone. Miezi mitatu nasonga ugali mwenyewe, na ugali wangu hata kuku wa jirani wanaususa.

Sasa mama mkwe amesikia nakwenda Unguja harusini kwa binamu yangu. Anaomba dawa ya huko, ile ya chupa ya buluu aliyokuwa nayo marehemu dada yake. Basi, hakuna zaidi. Nikamuuliza Kondo mama anaumwa nini. Akanishangaa. Akasema kama mkwe mwenyewe hajui, yeye muuza mikeka atajuaje? Kweli. Miaka tisa ya ndoa sijamtazama usoni mama yule. Nikikutana naye njiani naingia porini, hata penye upupu. Nitamuulizaje anaumwa wapi? Aibu!

Lakini wazo limenijia. Likizo yangu ya ukarani wa mizani haitapotea bure.

Alhamisi, 4 Agosti. Unguja.
Ng'ambo! Meli imenitapisha tangu Dar es Salaam. Si kitu. Mtu akisafiri ng'ambo asihangaike na kofia. Aingie duka la dawa. Rafu mpaka darini! Kununua: kwinini, poda ya watoto, pipi za kifua. Kuacha: mafuta ya mbarika, yamejaa kwetu na hayajampendeza mtu.

Mwenye duka, Mgoa mzee mwenye miwani, kaniuliza ugonjwa. Nikamwambia buluu. Akauliza tena. Nikamweleza kwamba ugonjwa ni siri ya ukweni, lakini chupa ni ya buluu. Akavua miwani, akaifuta, akashusha chupa kumi na mbili. Nusu laini, nusu zina matuta ubavuni. Akachukua kidole changu akakipitisha kwenye matuta. Akasema hizi ni za kupaka tu, mtu akinywa ni sumu, na kioo kimetengenezwa hivyo ili hata kipofu ajue kwa mkono. Maneno mengi mzee yule. Nimeyaandika nisije nikasahau.

Nimenunua zote. Moja ya mama mkwe, kumi na moja za biashara.

Jumapili, 7 Agosti. Kisarawe.
Nimerudi. Kikwazo ni kimoja tu, Bartolomeo, dresa, mtoa dawa wa zahanati. Mtu yeyote hapa akipata dawa humpelekea yeye amsomee karatasi yake. Atasoma zangu, atasema hii ni ya tumbo na kwake inatolewa bure. Biashara kwisha.

Basi nimeloweka chupa zote kwenye karai. Karatasi zimebanduka moja moja. Sasa na asome kioo! Si kawaida yangu kujisifu, lakini leo nimejisifu.

Ya mama mkwe nimeichagua kwa heshima. Chupa laini ni za watu wote. Yeye nimempa yenye matuta, iliyonakshiwa, inapendeza hata kuishika. Kondo anaondoka nayo kesho. Nimemwagiza aseme: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni.

Jumatano, 10 Agosti.
Baraza imejaa watu. Hakuna mnunuzi. Wamekuja kunipa pole ya safari, na aliyetoka ng'ambo anapopewa pole hutoa zawadi. Poda imekwenda. Pipi za kifua zimekwenda, na sikusikia hata mmoja akikohoa. Jirani yangu Shomari kajitwalia kwinini. Chupa nimewahi kuzisukuma chini ya kitanda. Imebaki moja dirishani, sikuikumbuka.

Ijumaa, 12 Agosti, asubuhi.
Bartolomeo kapita akienda kazini. Akaiona chupa ya dirishani. Hakuisoma, aliipapasa tu. Akaniuliza kwa upole ni nani atakayeipaka. Nikamwambia ni ya kunywa. Akaketi. Akanieleza habari ya matuta. Nikamwambia ana wivu, nikamfukuza.

Halafu nikafungua daftari hili, ukurasa wa Alhamisi ya Unguja. Imo! Mwandiko wangu mwenyewe.

Ee Mungu wangu. Kondo ameondoka siku ya nne leo. Mama wa watu hajanikosea kitu. Nachukua baiskeli ya Shomari.

Jumamosi, 13 Agosti. Dutumi.
Mnyororo ulikatika Misugusugu. Nikaiacha baiskeli kwa mama muuza vitumbua, nikakimbia. Nikichoka natembea, nikitembea naiona sura ya Zena, nakimbia tena. Nilifika jana alasiri.

Mkwe akifika ukweni hukaa mbali, hukohoa, hungoja kuitwa. Sikukohoa. Nilikatiza uani, nikampita baba mkwe, Mzee Mwinjuma, bila hata shikamoo, nikaingia chumbani kwa mama mkwe na viatu vyangu. Alikuwa ameshika kijiko. Kimejaa. Nikakipiga kikaruka ukutani.

Mama akajifunika kanga uso mzima. Zena kasimama na buli mkononi. Nikapiga magoti nikasema yote: duka, karai, Bartolomeo, vijiko viwili. Nililia. Sioni haya kuandika kwamba nililia.

Kumbe dawa ilifika juzi tu. Kondo alikaa Misugusugu kuuza mikeka yake. Na mama alitaka aanze Ijumaa, baada ya dua. Mungu ambariki Kondo kwa uzembe wake.

Ndipo mama mkwe akasema nami kutoka ndani ya kanga, mara ya kwanza kwa miaka tisa. Akasema ni magoti. Yanamuuma magoti tu, na dada yake alikuwa akiipaka. Alishangaa kuambiwa anywe. Harufu yenyewe ilimtisha. Lakini mkwe ndiye kaagiza hivyo, na hakutaka kunivunjia heshima.

Angekunywa. Kwa ajili ya heshima yangu angekunywa.

Jioni Zena akanijia. Akasema atarudi siku mama atakayotembea mpaka kisimani, na kwa sharti moja: nisishike tena dawa ya mtu. Nikaapa mbele ya baba yake.

Jumapili, 28 Agosti. Kisarawe.
Mama amepaka dawa yake, ametembea mpaka kisimani! Zena karudi jana. Leo nimekula ugali nikanyamaza, kwa utamu.

Habari za magoti ya Dutumi zimefika sokoni. Watu wananiulizia dawa. Lakini Bartolomeo amewatisha, wakigusa matuta tu wanarudisha mkono. Nimewaza sana. Kosa halikuwa dawa, kosa lilikuwa chupa. Basi asubuhi hii nimehamishia dawa zote kwenye chupa nyeupe za soda. Laini kabisa, hazimtishi mtu.

Zena kaja akauliza chupa za nini. Nikamwambia za samli. Akanishika mkono, akaunusa. Sasa yuko chumbani, anakunja kanga zake zote na kuzipanga kikapuni moja moja. Mke mwenye utaratibu. Alhamdulillahi, nyumba imepata mwenyewe.