Mbegu za Mapera Ndani ya Kikopo

Wenzangu wa darasa la sita, leo nimevuliwa nguo mbele ya benchi zima la wagonjwa, na kaptula nilikuwa nimeivaa. Daftari hili lipite dawati kwa dawati. Kwa Mwalimu lisifike. (Yeye ameshajua.)

Dada yangu Eliza mnamjua. Anahara damu tangu mavuno ya kahawa. Amepigwa sindano za kuhara mpaka makalio yamekuwa chekecheke. Mizizi yote ya hapa kijijini Isansa amekunywa. Wapi! Juzi akaja hapa hospitali ya misheni daktari mgeni, anayetafiti watu wa namna hiyo hiyo, wanaohara damu na dawa haiwashiki. Alikuja kwa siku mbili tu, na leo saa nane gari lake lilikuwa liondoke. Dresa Nzowa, yule mfunga vidonda anayemtafsiria, akanipa kikopo chenye kifuniko.

"Dada yako hawezi kutembea saa nzima kuja huku. Basi tuletee choo chake. Na kifike kabla hakijapoa! Mdudu wa kuhara akipata baridi hachezi, hatumwoni."

Leo asubuhi Eliza akatia kikoponi. Bibi akachungulia.

"Ee Bwana wangu! Hiki ndicho cha kumpelekea mgeni?"

"Ndicho alichoomba, Bibi."

"Damu na makamasi! Mtu katoka ng'ambo, nyumba hii impe kibovu? Hata mahindi ya mgeni tunachagua!" Akamwaga, akasuuza, akanitazama juu mpaka chini kama anayenunua ng'ombe. "Mume wangu, wewe una afya. Nenda nyuma ya migomba."

Ningeweza kukataa. Mimi msomi. Lakini Bibi alikuwa na mwiko mkononi, na Eliza amejifunika uso kwa aibu. Nikaenda. (Kwa utii ambao hesabu za mafungu hazijawahi kuuona.) Nikajiambia, wakikuta kizuri si ndiyo habari njema?

Nikakibana kikopo kwapani, kwapa la kulia, nikatoka mbio. Mlima wote! Wazee wakinisalimu njiani nawapa mkono wa kushoto. Nimeitwa mshenzi mara tatu kabla ya saa tatu.

Hospitali benchi limejaa. Na nani amekaa mwisho, shavu limevimba kwa jino? Mwalimu Halinga! Yule yule anayetulimisha darasa zima tangu Jumatatu mpaka mwizi wa mapera yake ajitaje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unatembea kama kuku aliyevunjika bawa?"

Daktari alikuwa ameweka darubini yake barazani, penye mwanga. Akatazama. Akatazama tena. Akachokoa kikopo kwa kijiti. Akasema Kiingereza chake, na Dresa akakitafsiri kwa sauti ya mnadani:

"Damu hakuna. Mdudu wa kuhara hakuna. Kuna mayai ya minyoo, mengi. Na mbegu za mapera. Hizo ndizo nyingi zaidi."

Benchi zima likainua shingo.

"Dada yako anakula nini?"

"Uji tu."

"Basi mapera kayapata wapi?"

Wenzangu, Isansa nzima mpera ni mmoja. Mnajua ulipo. Mwalimu Halinga akaondoa kitambaa shavuni, taratibu.

Daktari akashika kalamu. Dresa akasema, "Anaandika kuwa huyu hana ugonjwa anaoutafuta. Anamfuta kwenye orodha. Anayefuata!"

Ningenyamaza, mapera yangekuwa ya Eliza. Nani angemchapa mgonjwa? Mimi ningetoka mweupe kama kanzu ya kwaya, na gari la saa nane lingeondoka bila yeye. Nikakumbuka mkono wake alfajiri, ukishika ukuta. Mwembamba kama ule mwiko.

"Ni changu!" nikapiga kelele.

"Nini chako?"

"Choo! Na mbegu! Na minyoo! Vyote vyangu!"

Benchi lilicheka mpaka mama mmoja mwenye mshono akaomba ashikwe tumbo. Mwalimu peke yake hakucheka. Akainuka, akaja. Nikafumba macho.

"Baiskeli yangu iko ukutani," akasema kwa shavu moja. "Kamlete dada yako mwenyewe. Ya mapera yatasubiri."

Sijawahi kukanyaga pedali namna ile. Nyumbani nikapaza sauti toka uani: "Bibi, mgeni anataka kibovu!" Nikamfunga Eliza kwenye keria kwa kanga mbili, na mlima nikasukuma. Mnyororo ukachomoka, nikaurudisha. Ukachomoka tena. Nikautukana (kwa Kinyiha chetu, matusi ambayo daftari hili halitayabeba), nikaurudisha. Saa saba tukafika.

Safari hii choo kilitolewa pale pale. Daktari akaona damu na usaha, mdudu hakuona hata mmoja. Akambonyeza tumbo, akauliza maswali mengi. Dresa akatueleza kuwa huenda utumbo mpana wenyewe umefanya vidonda. Kama ni hivyo, sindano za kuua mdudu zilikuwa zinamtafuta asiyekuwapo. Watamchukua mpaka Mbeya, wamtazame ndani kwa bomba lenye taa, wahakikishe, kisha wamjaribishe vidonge vipya vya manjano.

"Na chanzo chake nini?" nikauliza.

Daktari akacheka. Dresa akatafsiri: "Angekijua, asingezunguka nchi nzima na vikopo."

Na changu hakukitupa! Anataka pia mtu asiyehara anayekula chungu kimoja na mgonjwa, alinganishe. Jina langu sasa limo kitabuni mwa utafiti, na mbele yake pameandikwa "minyoo". Nimenyweshwa dawa yake. Naandika haya karibu na choo, na nimeinuka mara nne.

Eliza alipunga mkono dirishani mwa gari. Alikuwa anacheka. Tangu kahawa sikuwahi kumwona meno.

Ya mapera Mwalimu ameshayaamua: kuanzia kesho ninyi mmesamehewa jembe, nitalima peke yangu mpaka tufunge shule. Najua mtacheka. Ila wawili kati yenu mlikuwa chini ya mpera, mnadaka. Nami nawakumbusheni tu kwamba Dresa Nzowa bado ana vikopo vitupu.